Besi ya Bei Nafuu na Wenye Vyombo: Historia ya Gitaa Zito Pwani ya Tanga

Kijana wa Ushongo, kijiji cha wavuvi kusini mwa Mto Pangani, anayetaka kupiga gitaa la besi huanza kwa kuuliza bei. Ana haki ya kuuliza, maana fedha ya samaki haina uhakika, na maduka ya vyombo vya muziki yako mbali, ng'ambo ya kivuko cha Bweni na mbele zaidi. Lakini ukiifuatilia historia ya muziki wa pwani hii, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani na vijiji vya kusini mwa mto, utaona kwamba zamani bei haikuwa jambo la kwanza. Katika miaka ambayo Tanga ilihesabiwa miongoni mwa miji mikuu ya muziki Afrika Mashariki, tuseme kati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1970, jambo la kwanza lilikuwa kujua vyombo ni vya nani. Wapiga besi wa vikundi vya Tanga kama Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Black Star hawakuwa na uwezo wa fedha kuliko vijana wa leo. Walichokuwa nacho ni chama. Hoja ya makala haya ni kwamba chama ndicho kilichoishusha besi hadi mtu wa kawaida akaifikia, na kwamba chama kilipodhoofika besi ilitoweka jukwaani hata pale ilipozidi kuwa rahisi madukani.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hudhani zamani vitu vilikuwa rahisi. Gitaa la besi la umeme ni chombo kichanga. Leo Fender alianza kuuza besi yake ya Precision huko California mwaka 1951, kwa bei ya karibu dola 200. Kabla ya hapo, bendi iliyotaka sauti nzito ilihitaji besi kubwa la mbao, refu kuliko mpigaji wake, lisilopakiwa ndani ya basi kwa urahisi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1961, Paul McCartney wa Beatles alijikuta Hamburg akihitaji besi na mfuko wake ukiwa mwepesi. Alichukua Höfner ya Kijerumani yenye umbo la fidla, na mwenyewe ameeleza kwamba ilimgharimu kama pauni 30 wakati Fender ilikuwa inaelekea pauni 100. Basi tuichukue besi hiyo ya kijana wa Ulaya asiye na fedha, tuilete pwani kwenye karatasi. Pauni moja wakati huo ilikuwa sawa na shilingi 20 za Afrika Mashariki. Höfner ni shilingi 600 na Fender ni shilingi 2,000, kabla ya nauli ya meli, ushuru na faida ya mwenye duka. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Dar es Salaam mwaka 1963 kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, na mashambani kilikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo ile besi iliyoitwa rahisi Hamburg ilimeza mshahara wa miezi 4 wa kibarua wa mjini, asile wala asilipe chumba. Fender ilimeza mshahara wa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna kubana matumizi kunakoweza kuziba pengo la namna hiyo. Mtu mmoja mmoja alikuwa amekwisha kushindwa kabla hajafika dukani.

Na hapo besi haijawashwa. Hili ndilo jambo ambalo wanaotafuta besi ya bei nafuu husahau, jana na leo. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na mtikisiko mzito kiasi hicho hautoki kwenye spika ndogo. Gitaa la solo au la rithimu linaweza kuchomekwa kwenye amplifaya dogo, hata kwenye redio iliyofunguliwa nyuma, na watu wakacheza. Besi ikichomekwa hapo hukoroma, karatasi ya spika hutetemeka mpaka ikachanika, na kinachobaki ni kelele isiyo na noti. Besi inataka spika pana, sanduku zito la mbao la kuishika hiyo spika, na amplifaya yenye nguvu ya kuisukuma. Mzigo huo ndio uliokuwa ghali kuliko gitaa lenyewe, na ulihitaji umeme usioyumba. Tanga ilibahatika katika hilo. Maporomoko ya Mto Pangani yalianza kuzalisha umeme katika miaka ya 1930, mji na viwanda vya katani vikafaidi, na kituo cha Hale kikaongezwa mwaka 1964. Maji yaleyale yaliyozungusha mitambo hiyo huingia baharini Pangani, mwendo wa kilomita 15 hivi kutoka Ushongo. Lakini nyaya zilifuata mji na mashamba makubwa, wala hazikufuata mto hadi kwa wavuvi. Kwa hiyo ramani ya besi katika pwani hii ilichorwa na katani tangu mwanzo.

Hata hivyo, mazoea ya kununua chombo cha muziki kwa mchango wa wengi hayakuanza na umeme. Yalikuwepo pwani kabla besi haijabuniwa. Shule ya serikali ambayo Wajerumani waliifungua Tanga katika miaka ya 1890 ilikuwa na bendi ya matarumbeta ya wanafunzi, na mji ukayazoea matarumbeta. Kisha likaja beni, ngoma iliyoenea pwani nzima ya Afrika Mashariki na kushamiri baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na alichokionyesha ni kwamba beni ilikuwa ngoma na papo hapo chama. Marini na Arinoti, pande mbili zilizoshindana katika miji ya Tanganyika, zilikuwa na vyeo vya kijeshi, sare, viongozi wa kuchaguliwa na wanachama wenye wajibu wa kuchangia. Ngoma kubwa, matarumbeta na sare vilipatikana kwa fedha za wanachama, na ushindani baina ya pande hizo ndio uliowafanya watoe. Huko Unguja nako, klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliagiza ala zake kutoka Misri kwa nguvu ya wanachama wake. Basi vijana wa Tanga walipotaka magitaa ya umeme hawakuwa na haja ya kubuni utaratibu. Baba zao walikuwa wamekwisha kuutumia.

Kilichoongezeka ni fedha taslimu, na fedha hiyo ilitoka kwenye katani. Mashamba ya Tanga, kutoka Korogwe na Muheza hadi Kigombe na Mwera ufukweni, yaliwavuta watu kutoka kila pembe ya Tanganyika na nje yake. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na manamba wakaletwa kwa treni na malori kutoka bara, Wanyamwezi wakiwa miongoni mwao. Si ajabu basi kwamba Jamhuri Jazz Band, bendi ambayo jina lake lilitapakaa Afrika Mashariki, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Mtu aliyeacha ukoo wake Tabora alihitaji watu wa kumzika, wa kumuuguza na wa kucheza naye, na chama cha dansi kilikuwa sehemu ya jibu hilo. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kilikuwa na ada ya kuingia na ada ya mwezi. Kilikuwa na wapenzi ambao hawakuwahi kugusa uzi wa gitaa lakini walijiona ni wenye bendi sawasawa na wapigaji, kama shabiki wa mpira anavyojiona ni mwenye timu. Ada za watu kama hao, zikijumlishwa na kiingilio cha mlangoni, ndizo zilizoweza kuikabili ile hesabu ya shilingi 600.

Mtu wa Ushongo haelezwi sana ili auelewe utaratibu huo. Ngalawa na nyavu ni ghali kuliko uwezo wa mvuvi mmoja, kwa hiyo samaki wakitua huwa na sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu na sehemu ya mabaharia. Dansi nayo iligawiwa hivyohivyo: fedha ya mlangoni ilitoa kwanza haki ya vyombo, yaani matengenezo, nyuzi mpya na deni la dukani, kisha wapigaji wakapata chao. Tofauti moja tu ilikuwa kubwa. Ngalawa mara nyingi ina mwenyewe mmoja aliyekaa nchi kavu, ilhali besi ya chama ilikuwa ya wote, na aliyeipiga alikuwa mmoja wa wenye mali. Aliipiga kwa zamu ya jukwaa, lakini aliisimamia kwa haki ya uanachama. Nadhani tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu ubora wa muziki wa wakati ule. Kijana aliweza kujifunzia besi nzuri asiyoweza kuinunua, mbele ya mkubwa aliyekwisha kuizoea, katika ukumbi ambao spika yake ilikuwa kubwa ya kutosha kumwonyesha makosa yake. Besi hujifunzwa kwa sauti. Anayeipiga bila spika hujua vidole vyake viko wapi, ila hajui vinafanya nini kwa miguu ya wachezaji.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote wa hoja hii hautoki kwenye dansi. Unatoka kwenye taarabu. Taarabu ya Unguja ya katikati ya karne iliyopita ilikuwa imekwenda njia ya Misri: safu ya fidla, kanuni, udi, nai, kodiani, cello, na besi kubwa la mbao lililosimama nyuma likidonolewa kwa vidole. Kundi la namna hiyo ni zuri mno, lakini linataka watu wengi, walimu wengi na ala ambazo haziundwi hapa. Tanga haikuwa na uwezo huo. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star iliyozaliwa kutokana nayo, walipunguza. Waliweka gitaa la umeme, gitaa la besi, kinanda na ngoma ndogondogo, kisha wakamwachia mwimbaji nafasi yote iliyobaki. Mwimbaji huyo mara nyingi alikuwa Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, ambaye aliimbia Black Star na Lucky Star kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuimbia kundi la taarabu la jeshi, na ambaye alifariki mwaka 2016 akiwa anaheshimiwa kama mmoja wa mabibi wa taarabu ya Tanzania. Zisikilize rekodi hizo kwa makini, uache sauti ya Bi Shakila kando kwa dakika moja. Besi ndiyo inayotembea. Haishikilii noti ndefu chini ya fidla kama lile besi la mbao. Inachukua kazi ya ngoma: inaruka, inanyamaza mahali ambapo sikio linaitegemea, inarudi nusu hatua mbele, na chakacha na rumba vinakutana katika nyuzi zile nne. Kundi dogo lilikuwa na uwazi mwingi katikati ya sauti, na besi ikaujaza uwazi huo kwa mwendo. Mtindo huo wa Tanga ulivuka mpaka ukabadilisha taarabu ya Mombasa, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya nyimbo za klabu hizo mbili katika albamu iliyoitwa Nyota. Kilichoanza kama kubana gharama kiligeuka kuwa mtindo ulioigwa na wenye uwezo zaidi.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba haya hayakusababishwa na bei. Atasema ni ladha tu: vijana wa Tanga walikuwa wamezama katika santuri za Cuba na rumba ya Kongo, na wangechukua magitaa hata kama wangepewa fidla 20 za bure. Jibu hilo lina ukweli, nami sitaki kuugeuza ufukara kuwa mwalimu wa sanaa. Ufukara umezima wapigaji wengi kuliko uliowalea. Lakini ladha huchagua miongoni mwa vitu vinavyofikika. Magitaa matatu na amplifaya ni mzigo ambao klabu ya watu wa kawaida iliweza kuununua na kuumaliza kulipa. Okestra ya Misri haikuwa hivyo. Kama ingekuwa ladha pekee, klabu za Tanga zingeiga pia matarumbeta ya bendi za Kongo kwa ukamilifu, na taarabu ya Tanga haikufanya hivyo. Ilichukua kile ilichoweza kukimiliki na kukitengeneza kilipoharibika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vyama vilivunjika. Lucky Star yenyewe ni tunda la mfarakano, na historia ya dansi Tanga imejaa kuhama. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga waliopitia Jamhuri Jazz, waliondoka mwaka 1970 kwenda Arusha, mwaka uliofuata wakavuka hadi Mombasa, na huko wakaunda Simba Wanyika. Kutoka katika shina hilo likachipuka kundi la Les Wanyika mwaka 1978, ambalo besi ya Tom Malanga katika wimbo wa Sina Makosa inatambulikana na mtu yeyote wa Afrika Mashariki kwa noti chache za mwanzo. Mtu atauliza: kama chama kilikuwa kizuri hivyo, mbona wapigaji bora walikikimbia? Sidhani kuhama kwao kunakihukumu chama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 katani ilikuwa imeanguka. Uzalishaji wa nchi ulifika kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikaivunja bei duniani, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kila mwaka fedha iliyozunguka Tanga ikapungua. Studio na kampuni za santuri zilikuwa Mombasa na Nairobi. Mpigaji alifuata fedha, kama manamba alivyoifuata kabla yake. Hata hivyo nakubali kasoro moja ya chama: aliyehama alihama mikono mitupu. Katiba nyingi zilijua namna ya kumpokea mwanachama, lakini hazikujua namna ya kumuaga kwa haki. Kijana aliyelipa ada miaka 8 na kuijenga bendi kwa vidole vyake hakuwa na hisa ya kuchukua, na chuki nyingi za vyama zilianzia hapo.

Lipo pia pingamizi la tatu, la wale wanaoona kwamba mashirika yalifanya kazi hiyo vizuri zaidi. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki wa dansi wa Tanzania alipata kwa mara ya kwanza mshahara wa mwezi na vyombo vya mwajiri. Njia hiyo ikafuatwa na polisi, jeshi, viwanda, Umoja wa Vijana na mashirika ya umma. Vyombo vilikuwa bora, na kulikuwa na gari la kuvibeba. Sipingi. Muziki mkubwa kabisa ulitoka huko, na besi ya Suleiman Mwanyiro, aliyeitwa Computer, katika bendi ya Mlimani Park ni shule kamili kwa anayetaka kujifunza. Ila angalia yaliyoipata Mlimani Park yenyewe. Ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Shirika likaishiwa, na mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara Hugo Kisima alipounda upya bendi yake ya Safari Sound, sehemu kubwa ya wapigaji wake ilitoka huko. Kila mara uhai wa bendi ulifuata uamuzi wa aliyenunua vyombo, awe shirika, chama cha siasa au tajiri. Mpigaji alikuwa mwajiriwa. Na mashirika hayo yalikuwa Dar es Salaam zaidi kuliko kwingine. Tanga ilibaki na klabu zake na uchumi unaosinyaa. Pangani na Ushongo hazikuwa na shirika la kuzinunulia hata uzi mmoja.

Kisha zikaja nyakati ambazo hata mwenye fedha hakupata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, jambo lililoiumiza Tanga kuliko miji mingi, kwa kuwa Mombasa ilikuwa ndiyo soko lake la santuri na la vyombo. Vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikaadimika, na kuagiza amplifaya kutoka nje kukawa jambo la kibali. Katika nchi nyingi za Afrika wapigaji wa wakati huo walifunga waya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi za besi. Waya hizo hutoa sauti, lakini huila shingo ya gitaa na kuvikata vile vichuma vidogo vinavyogawa noti, mpaka besi nzuri ikafa kwa dawa iliyokusudiwa kuiponya. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, vitu vilianza kurudi. Lakini kilichorudi kwa wingi upande wa muziki kilikuwa kinanda cha umeme. Kinanda kimoja kiliweza kupiga besi kwa mkono wa kushoto, ngoma kwa kubonyeza kitufe na fidla kwa mkono wa kulia. Mwenye kundi la taarabu aliyepiga hesabu aliona amepunguza watu watatu. Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 ilijengwa juu ya hesabu hiyo, na gitaa la besi likaanza kuonekana jukwaani kama pambo. Simlaumu mwenye kundi kwa kuhesabu. Nasema tu kwamba alihesabu peke yake, kwa sababu wanachama wa kumuuliza hawakuwepo tena. Klabu yenye mpiga besi mwenye kura haimfuti mpiga besi kwa urahisi hivyo.

Leo ile hesabu ya Hamburg imegeuka kabisa. Utengenezaji wa magitaa ya bei nafuu ulihama kutoka Ulaya kwenda Japani, halafu Korea, halafu Indonesia na China, na mashine za kukata mbao zimefanya besi ya kawaida kuwa chombo kinachofaa kazi. Kijana mwenye kazi anaweza kuimiliki bila kufunga mwaka mzima. Besi iliyotumika nayo ni halali ya kununuliwa ikiwa mnunuzi ataitazama vizuri: aishike kama anayelenga kwa bunduki aone kama shingo imepinda, apige kila noti ya kila uzi kutoka kichwani hadi tumboni akisikiliza panapolia kama bati, azungushe vifungo vya kukazia nyuzi aone kama vinashika, aichomeke na kutikisa waya asikie kama inakatika. Mashimo ya rangi na mikwaruzo hayana neno. Shingo iliyopinda ina neno kubwa, hasa kwenye hewa ya chumvi kama ya Ushongo, ambako chuma huota kutu haraka na nyuzi zisizofutwa baada ya kupigwa hazidumu.

Lakini besi hiyo nafuu bado inahitaji spika ileile pana, na spika pana haijawa nafuu kwa kiasi hicho. Hapo ndipo historia inapokuwa na faida kwa kijana wa sasa. Watu wanne wenye magitaa yao na kikundi cha wapenzi 30 wanaochanga kidogo kila wiki, kwa utaratibu uleule wa upatu na VICOBA ambao mama zao wanaumudu vizuri, wanaweza kupata spika ambayo mmoja wao hataipata maishani. Waandike katiba yao mapema, na ndani yake waweke kile ambacho vyama vya zamani vilikiacha: anayehama arudishiwe kiasi gani, na vyombo vikiharibika nani anatengeneza.

Na kuna kazi nyingine isiyosubiri. Waliokuwa makatibu na waweka hazina wa klabu za Tanga, Muheza na Pangani wamezeeka, na wengi wamekwisha kututoka. Rekodi za nyimbo zimehifadhiwa na Wazungu na Waswahili wapenda muziki. Madaftari ya ada, stakabadhi za maduka ya Mombasa na kumbukumbu za mikutano hazijapata mtu. Redio ya jamii ya Pangani FM na kituo cha Urithi Tanga wana uwezo wa kuwarekodi wazee waliobaki na kupokea nakala za karatasi hizo. Mwenye babu aliyewahi kuwa kiongozi wa klabu afungue sanduku lake mwaka huu, kabla mchwa hawajamtangulia.